Natoka Mwanza na baiskeli ya mlima kuja Kisumu, Kakamega, Iten na Nakuru. Nibebe nini, nitegemee nini?

MaweYaMwanza (Mwanza)

Wakuu, salamu kutoka upande wa kusini wa ziwa. Januari nakuja Kenya kwa wiki mbili na baiskeli yangu. Nimealikwa na waendeshaji wa Kisumu, nao watanikabidhi kwa wenzao wa Kakamega, kisha Iten, na mwisho Nakuru. Napita mpaka wa Sirari kwa basi.

Baiskeli ni ya inchi 29, tairi 2.25 zisizo na tyubu, breki za mafuta zenye disk za milimita 160 mbele na nyuma, gia 12 nyuma na sahani moja mbele, foku ya hewa ya milimita 120. Uzito wangu ni kilo 78. Nimezoea mawe ya granaiti na joto la huku, lakini vilima vyetu ni vifupi. Mteremko wa nusu saa bila kupumzika sijui unafanya nini kwa breki, na sijawahi kuendesha juu ya mita 2,000.

Naomba ushauri kwa vitu vinne: namna ya kuifunga baiskeli kwenye basi, spea zipi nibebe na zipi nitazipata huko, tairi na breki zinataka kubadilishwa nini, na vikundi vya huko vinaendaje ili nisiwe mgeni anayewachelewesha au kuwaudhi watu. Asanteni.

FundiKondele (Kisumu)

Karibu sana kaka. Kuhusu spea shika jambo moja: kile ambacho fundi wa kando ya barabara anacho, usikibebe. Beba kile ambacho hawezi kukupa.

Kuanzia Ahero hadi Mumias, kila soko lina fundi chini ya mti. Huyo atakuzibia tyubu, atakunyooshea rimu iliyopinda, atachomelea chuma, atakubadilishia peda na kukaza usukani, kwa pesa kidogo na kwa haraka. Ana tyubu za inchi 26, cheni za gia 6 hadi 8, mipira ya breki za kawaida na waya za breki. Asichokuwa nacho ni kila kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya baiskeli kama yako. Kwa hiyo begi lako liwe na hivi: kikono cha alumini kinachoshika deraila (kifaa cha nyuma kinachohamisha cheni kwenye gia) kwenye fremu (cha modeli yako hasa, kwa sababu vina maumbo mamia na cha jirani hakiingii), viungo viwili vya kuunganisha cheni ya gia 12, pedi jozi mbili kwa kila breki, tyubu mbili za 29, valvu moja ya ziada ya tairi isiyo na tyubu, mililita 250 za dawa ya kuzibia tairi, na vizibo vya uzi na sindano yake.

Usisahau spoki. Spoki za Black Mamba, zile baiskeli nzito za chuma za huku, ni nene kuliko zako na urefu si huo. Gurudumu lako lina spoki za urefu wa aina mbili au zaidi, maana upande wa kaseti (gia za nyuma) na upande wa disk hutofautiana kwa milimita moja au mbili. Beba tatu za kila urefu na nipo zake (zile nati ndogo za kukazia spoki), zifunge kwa selotepu kwenye fremu. Kuzifunga na kunyoosha gurudumu fundi yeyote atafanya, tena vizuri. Mkononi atakuwa na kifunguo cha nipo chenye matundu kadhaa, mwambie ajaribu tundu dogo kwanza, kwa sababu tundu kubwa litazungusha pembe za nipo ya alumini mpaka ziwe mviringo, na hapo haikazwi tena.

Valvu ndiyo inayowakwamisha wageni wengi kuliko kitu kingine. Zako bila shaka ni zile nyembamba zenye kinati kidogo juu. Kompresa ya petroli stesheni inashika valvu nene ya gari tu, na pampu ya fundi nyingi zimetengenezwa kwa valvu ya Black Mamba. Kinunue kile kiunganishi cha shaba kinachovishwa juu ya valvu nyembamba ili ipokee pampu ya gari. Ni kidogo kuliko kifuniko cha kalamu, bei yake haifiki ya soda mbili, na hupotea upesi, kwa hiyo chukua vitatu: kimoja kiache kwenye valvu, kimoja kwenye mfuko wa spana, kimoja kwenye pochi. Unapokitumia, fungua kile kinati cha valvu kwanza, la sivyo hewa haiingii na kompresa itaonyesha namba za uongo. Na usimwachie kijana wa stesheni bunduki ya hewa, kwani wamezoea tairi za matatu, na psi 60 kwenye tairi ya 2.25 iliyokaa juu ya rimu bila tyubu inaweza kuirusha nje.

Mafuta ya breki. Angalia kwenye mkono wa breki pameandikwa nini. Shimano hutumia mafuta ya madini, breki nyingi za SRAM hutumia DOT, ingawa mpya kadhaa wamehamia madini. DOT utaipata kwenye duka lolote la spea za magari kutoka Kisumu mpaka Nakuru. Mafuta ya madini ya breki za baiskeli ni shida. Kama zako ni za madini, njoo na mililita 100 na kile kikombe cha kujazia. Usikubali mtu akuwekee DOT eti yote ni mafuta ya breki: mpira wa ndani utavimba, pistoni zitakwama, na breki nzima itakuwa ya kutupa.

Sasa basi. Peda zitolewe, na ukumbuke ya kushoto hufunguka kwa kuzungusha kinyume, yaani kuelekea upande ambao kwa kawaida ungekuwa unakaza. Zifungue nyumbani, maana zikiwa zimeshika kutu utahitaji spana ndefu ya 15 au aleni ya 8 na nguvu. Toa gurudumu la mbele, na papo hapo ingiza kipande cha plastiki au kadibodi nene iliyokunjwa kati ya pedi. Mtu akiubonyeza mkono wa breki wakati disk haipo, pistoni hutoka, pedi zinakutana, na utafika Kisumu gurudumu haliingii. Likitokea, zisukume pedi taratibu kwa lever ya tairi ya plastiki, si kwa bisibisi.

Weka kipande cha mbao au bomba la plastiki kati ya miguu ya foku ili isiminywe. Fungua skrubu ya deraila, ifunge ndani ya fremu kwa kamba ya plastiki bila kukata waya wala cheni. Disk zifunike kwa kadibodi pande zote mbili. Kisha baiskeli isimame, isilale. Mzigo wa kwenye buti la basi hupangwa upya kila stendi, na gunia la dagaa likiwekwa juu ya gurudumu lililolala, disk inapinda. Mlipe kondakta kabla ya kupakia, mkubaliane bei, na uchukue risiti yenye namba ya basi.

Vumbi_la_Menengai (Nakuru)

Fundi amesema vizuri. Nizungumzie ardhi ya huku, kwa sababu mtu wa granaiti anakuja na imani ambayo Menengai itamvunja moyo.

Granaiti yenu ni ya mviringo, inashika tairi hata ikiwa imelowa. Mawe ya Seme karibu na Kit Mikayi na yale ya Maragoli ni ndugu wa yenu, hapo utajisikia nyumbani. Menengai ni volkano. Shimo lake lina upana wa takriban kilomita 12 kwa 8, ukingo wa juu uko mita 2,278, na mji wa Nakuru, ulio chini yake, uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Ndani ya shimo kuna mito ya lava iliyoganda, na katikati yake vipande vya kioo cheusi cha volkano. Makali ya mawe haya hayatoboi uso wa tairi. Yanakata ubavu. Tairi nyepesi za mashindano zenye ubavu mwembamba hazifai, hata kama zimekuhudumia Mwanza kwa mwaka mzima. Vaa tairi yenye ubavu ulioimarishwa, 2.35 kama fremu inaruhusu, walau nyuma. Gramu 150 zinazoongezeka utazihisi kwenye mpando, lakini bora hizo kuliko kutembea kwa miguu kutoka chini ya shimo.

Mkato wa ubavu ukizidi milimita 5 hivi, kizibo cha uzi hakikai, kwa sababu ubavu hujikunja kila mzunguko na kukisukuma nje. Hapo unahitaji kiraka cha ndani pamoja na tyubu. Kata kipande cha tairi kuukuu ya baiskeli ya barabarani, sentimita 4 kwa 7, kingo zipunguzwe kwa msasa zisije zikaikwaruza tyubu, na kikae kwenye mfuko wa spana siku zote. Mkato ukiwa mkubwa, ushone kwanza kwa uzi wa kushonea viatu, halafu kiraka.

Vumbi: udongo wetu ni majivu ya volkano, laini kama unga. Mafuta mazito kwenye cheni yatalivuta vumbi na kuwa dawa ya kusagia meno ya kaseti. Tumia mafuta makavu yenye nta, tone moja kwa kila kiungo, acha yakauke usiku kucha, asubuhi futa kila kilichobaki nje. Miguu ya foku ifute kwa kitambaa kila baada ya matembezi, kabla hujaibonyeza hata mara moja, maana ukiibonyeza na vumbi lake unaliingiza kwenye sili.

Kuingia kupitia msitu wa juu kuna lango na kiingilio, malipo ni kwa simu. Ndani ya shimo kuna visima vya mvuke vya kampuni ya serikali ya jotoardhi, barabara zao ni pana na zina malori. Muwe mstari mmoja, na malori yakija simameni upande wa juu, si upande wa korongo. Pale unapoona mvuke unatoka ardhini na udongo umegeuka mwekundu au mweupe, usikanyage wala kuegesha baiskeli: ganda la juu linaweza kuwa jembamba na chini yake ni moto.

Wageni pia huuliza kuhusu mbuga. Ziwa Nakuru si pa baiskeli, kuna simba, nyati na vifaru. Hell's Gate kule Naivasha baiskeli zinaruhusiwa, na ni pazuri kwa macho, ila njia yake ni barabara ya vumbi iliyo tambarare. Nenda siku ya kupumzisha miguu.

MaweYaMwanza (Mwanza)

Asanteni sana, nimeandika yote. Mkuu Fundi, swali la ziada: kwa nini tyubu mbili wakati tairi zangu zina dawa? Na pedi, nilizonazo ni zile laini za resini. Zibaki au nibadilishe?

FundiKondele (Kisumu)

Dawa inaziba mwiba, haizibi mkato. Na dawa yenyewe kwenye joto la Kisumu hukauka ndani ya miezi miwili au mitatu. Kabla ya safari fungua tairi, toa ule utando uliokauka, weka mililita 100 mpya kila gurudumu. Ukitikisa gurudumu karibu na sikio usisikie kitu kinachezacheza ndani, dawa imekwisha.

Halafu kuna kosa ambalo huwamalizia watu tyubu zote mbili kwa dakika kumi. Tairi yenye dawa hubeba miiba bila wewe kujua. Mbigiri za njiani huingia, dawa inaziba, unaendelea. Siku ya mkato unapotia tyubu, ile miiba yote bado imechomoza kwa ndani. Tyubu ikijazwa tu inatoboka mahali sita. Kwa hiyo kabla ya tyubu: toa valvu ya zamani, mwaga dawa, pangusa, kisha pitisha kitambaa chepesi ndani ya tairi mzunguko mzima, polepole. Kila kitakaponasa pana mwiba. Uvute kwa koleo kutoka nje, au uubonyeze kutoka ndani kwa kijiti. Zungusha mara ya pili kwa upande wa pili. Usitumie kidole kitupu.

Ukiishiwa na tyubu za 29, ya 26 inavutika na kuingia kwenye gurudumu la 29 kwa dharura. Ipulize kidogo kwanza ili isijisokote, na siku hiyohiyo tafuta nyingine, kwa sababu mpira uliovutwa hivyo ni mwembamba na kiraka hakikai.

Pedi nawaachia watu wa Iten, wao ndio wenye mteremko.

Mteremko_wa_Tambach (Iten)

Haya, breki. Iten iko mita 2,400. Chini kwenye bonde la Kerio ni karibu mita 1,200. Wewe, baiskeli, maji na spana ni kama kilo 95. Kushusha uzito huo mita 1,200 ni nishati ya jouli milioni 1.1, inayotosha kuchemsha lita tatu za maji ya bomba. Upepo utachukua sehemu, lakini kwenye njia nyembamba unaenda polepole, kwa hiyo sehemu kubwa inaingia kwenye disk mbili na pedi nne zisizozidi ukubwa wa kidole gumba. Pedi za resini zikipata joto hilo hung'aa usoni kama zimepakwa vanishi, zinatoa harufu kali, na mkono wa breki unabaki mgumu lakini baiskeli haisimami. Ukihisi mkono unalainika na kugusa usukani, hiyo ni tofauti: mafuta yamechemka. Kwa yote mawili simama, subiri dakika 15, usimwagie disk maji, itapinda.

Ushauri wangu: pedi za metali mbele na nyuma, kwanza hakikisha disk zako hazijaandikwa kwamba ni za resini tu, maana hizo ni laini na metali itazila. Mbele weka disk ya 180. Utahitaji adapta inayoinua kaliper (kile kibanio chenye pedi), usitegemee kuipata huku, ifunge Mwanza. Pima disk ya zamani pia: za Shimano huanza na unene wa milimita 1.8, zikifika 1.5 zinatupwa. Pedi ikibaki na nusu milimita ya kitu cha kusugua, itoe, usisubiri kusikia chuma.

Pedi mpya zizoeshwe kabla ya safari. Tafuta kilima kidogo, fika kasi ya kilomita 20 kwa saa, kamata breki moja kwa nguvu mpaka mwendo wa mtu anayetembea bila gurudumu kuganda, achia. Rudia mara 15 hadi 20 kwa kila breki. Asiyefanya hivi anafika hapa analaumu breki zake wakati kosa ni la matayarisho.

Na namna ya kushuka: usiburute breki njia nzima. Kamata kwa nguvu kabla ya kona, achia kabisa baada yake, disk ipate upepo. Tumia zote mbili. Kidole kimoja kila upande kinatosha kama mikono ya breki imewekwa karibu. Ukiona unahitaji vidole vitatu, kuna tatizo, usiendelee kushuka nalo.

Hapa natofautiana kidogo na ndugu wa Nakuru kuhusu tairi. Ubavu mzito ndiyo, ila 2.35 mbele na nyuma kwa mtu anayetoka usawa wa ziwa, kwenye mpando wa Iten, ni adhabu. Weka nzito nyuma, mbele ubaki na 2.25. Kwa kilo zako, anza na psi 22 mbele na 25 nyuma. Kwenye lava ongeza mbili. Usihangaike na wanaosema urefu wa mlima unabadilisha presha: kutoka ziwani mpaka Iten hewa ya nje inapungua, geji inasoma kama psi 2 zaidi, lakini baridi ya asubuhi inazirudisha karibu zote.

Urefu wa mlima unaugusa mwili wako, siyo tairi. Mwanza na Kisumu hewa ina kama asilimia 87 ya shinikizo la pwani. Nakuru ni 80, Iten ni 75. Siku mbili za kwanza usijaribu kumfuata mtu yeyote kwenye mpando, hata yule mwenye baiskeli ya mtumba ya inchi 26 na viatu vya plastiki. Huyo amezaliwa hapa. Panda kwa gia nyepesi kiasi cha kuweza kusema sentensi nzima bila kukata. Kunywa maji hata kama husikii kiu, hewa ni kavu na jasho linakauka kabla hujaliona. Kichwa kikiuma na usingizi ukikatikakatika usiku wa kwanza ni kawaida. Kikizidi siku ya pili, teremka Eldoret upumzike.

Asubuhi ya Iten unahitaji glavu ndefu na koti la upepo, bondeni utakuwa kwenye joto la nyuzi 30 na zaidi saa hiyohiyo. Beba lita tatu. Kurudi juu wengi hupandisha baiskeli kwenye matatu au pikapu, ni busara, hakuna anayekucheka.

Jambo zito: nendeni pale tu wenyeji wenu wanapokubali. Njia za Tambach na barabara ya Kabarnet ni jambo moja, kaskazini ni jambo jingine. Upande wa kaskazini wa bonde, Marakwet Mashariki na kule Tiaty, una historia ndefu ya wizi wa mifugo wenye silaha. Usifuate mstari uliouona kwenye ramani ya simu kwa sababu unaonekana mzuri.

Njia_ya_Isecheno (Kakamega)

Shikamooni wakubwa, na wewe kaka wa Mwanza karibu. Mimi niongeze kuhusu msitu na kuhusu watu, maana swali lake la nne hakuna aliyeligusa.

Januari ndio mwezi mkavu wetu lakini Kakamega haiachi kunyesha kabisa. Mvua ya huku huja mchana, mara nyingi baada ya saa nane, na huja kwa ghafla. Kwa hiyo tunaondoka saa moja asubuhi na kufika saa sita. Udongo mwekundu ukilowa hauna msamaha, hasa kwenye njia zilizolazwa upande, na mizizi iliyovuliwa magome ni mibaya zaidi. Ivuke mizizi kwa pembe ya mraba, bila breki, bila kukanyaga peda kwa nguvu. Ukiikuta imelala sambamba na njia, shuka utembee. Hatari nyingine ni tope la uwanda wa Kano upande wa Kisumu: udongo mweusi hujaza nafasi kati ya tairi na foku mpaka gurudumu linakwama. Ukishaanza kushika, beba baiskeli begani. Ukiendelea kusukuma peda, kikono cha deraila ndicho kitakachovunjika.

Ndani ya msitu ingia na muongozaji aliyesajiliwa, upande wa Isecheno ni wa Huduma ya Misitu na upande wa Buyangu ni hifadhi ya Huduma ya Wanyamapori, taratibu zao na kiingilio ni tofauti. Uliza kabla njia ipi inaruhusu baiskeli, si zote. Nyoka wapo, akiwemo moma, anayelala kwenye majani makavu na haondoki kwa kelele. Usiweke mguu nje ya njia bila kuangalia, na usiilaze baiskeli kwenye majani.

Sasa watu. Vikundi vingi vya huku vina utaratibu ule ule: anayejua njia yuko mbele, mwenye pampu na spana yuko nyuma kabisa, na kila njia panda mnasimama mpaka wa mwisho afike. Mgeni akae katikati. Ukiwa na nguvu kuliko wote, bado usimpite wa mbele, kwa sababu yeye ndiye anayejua shamba la nani halipitiki mwaka huu. Njia nyingi tunazoendesha ni za watu kwenda kisimani, shuleni na sokoni, na nyingine zinakata katikati ya boma. Ukikaribia mtu punguza mwendo mpaka mwendo wa miguu, msalimie kabla hujampita, na mzee unamsimamia. Mama mwenye mzigo kichwani anapewa njia yote, wewe ndiye unayeingia kwenye nyasi. Ng'ombe aliyefungwa kamba upande mmoja na anakula upande mwingine amekuwekea kamba shingoni, tazama vizuri asubuhi wakati jua liko machoni.

Wenyeji wako wengi watakuwa na baiskeli za mtumba zenye breki za mpira. Wataachana nawe kwenye mpando na kukusubiri, na wewe utawaacha kwenye mteremko. Basi nawe wasubiri, na usimhimize mtu mwenye breki za mpira akimbize mwendo wako. Ukitaka kuleta kitu, kilete kwa jozi: mipira ya breki, tyubu za 26, cheni ya gia 8, viraka na gundi. Mpe kiongozi wa kikundi agawe, usigawe mwenyewe barabarani. Muongozaji analipwa kama kazi, bei mkubaliane jioni kabla ya safari. Chai na chapati za njiani mnachanga, usilipe yote kwa sababu wewe ni mgeni, wengine hawatapenda.

Chakula kitakutosha bila kubeba vipakiti: ndizi, viazi vitamu vya kuchemsha, nyoyo (mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja), miwa ukifika Chemelil. Na kama unapanda kutoka Chemelil kwenda Nandi Hills, jaza chupa kabla. Ule mpando ni mrefu, uko uchi kwenye jua, na maduka ni machache.

Vumbi_la_Menengai (Nakuru)

Dada amesema kweli, hasa kuhusu kumpita wa mbele. Na ndugu wa Iten, nakubali mbele ibaki 2.25, ila asije na ile yenye ubavu wa karatasi.

Kaka, mpangilio wako Kisumu, Kakamega, Iten, Nakuru ni mzuri, usiugeuze. Unapanda kidogo kidogo, na unafika Menengai mwili ukiwa umeshazoea. Kutoka Iten mpaka Nakuru ifunge baiskeli upya kama ulivyoifunga Mwanza, na kabla ya kuingia kwenye shimo kagua vitu vitatu: kikono cha deraila (kitazame kutoka nyuma, gurudumu la chini la deraila liwe wima chini ya kaseti), unene wa pedi, na spoki. Zipige spoki kwa kijiti moja baada ya nyingine, ile itakayotoa sauti nzito imelegea.

FundiKondele (Kisumu)

La mpakani. Sirari na Isebania ni kituo kimoja cha pamoja siku hizi. Mtanzania hahitaji viza, lakini pasipoti au hati ya muda ya safari lazima iwepo, na kadi ya homa ya manjano iwe nayo karibu. Beba risiti ya baiskeli au picha yake inayoonyesha namba ya fremu, ili ijulikane ni mali yako unayorudi nayo. Laini ya Safaricom isajili kwa pasipoti siku ya kwanza, maana kiingilio cha msituni, matatu na hata fundi wa chini ya mti wanataka malipo ya simu.

Ukishuka stendi Kisumu usiiunge baiskeli pale, watu ni wengi na nati ndogo hupotea. Ije ilivyo mpaka Kondele. Nitakuwa na pampu ya sakafuni na stendi ya kuinulia. Kazi ya kwanza itakuwa kunyoosha disk, ya pili kuzungusha kaliper mpaka isisugue, ya tatu kuongeza dawa kama ilivuja njiani. Leta tu ile adapta ya 180 ikiwa tayari imefungwa.